Tunachanga nauli ya India, lakini uboho hatuombwi

Fungua WhatsApp yako sasa hivi. Kama uko kwenye grupu la mtaa, la kanisa au la wale mliosoma nao, naweza kubeti kuna bango lenye picha ya mgonjwa akijaribu kutabasamu, nambari ya Paybill, jina la hospitali ya India, na kiasi cha pesa kinachokufanya uweke simu chini kwanza upumue. Chini yake watu wameandika "Amina" na "Mungu yuko". Halafu wewe, ambaye kodi ya nyumba ya mwezi huu bado inakusubiri, unatuma mia mbili.

Nalisema hili kwa heshima, kwa sababu kuchanga tunajua. Hapa kwetu Kibugu bango likiingia asubuhi, kufikia jioni vijana wa bodaboda washachanga, akina mama wa chama washachanga, na mzee ambaye hajalipwa kahawa yake ashaahidi mbuzi. Hakuna mtu wa kutufunza harambee.

Lakini nina swali. Wengine kati ya hao wagonjwa wanaenda kupandikizwa uboho. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, pesa mara nyingi ni nusu tu ya dawa. Nusu ya pili ni mtu. Mtu mzima, mwenye afya, ambaye mwili wake unafanana na wa mgonjwa kwa njia fulani maalum. Mbona hiyo nusu ya pili haimo kwenye bango? Mbona hatuombwi?

Kabla sijaendelea, tuelewane. Mimi si daktari. Chuo niliacha katikati karo ilipogoma, na siku hizi riziki yangu ni kuandika mtandaoni. Kwa hivyo usiniamini kwa sababu ya cheo, sina. Fuata hoja tu, na popote unapoona shaka, muulize daktari au nesi unayemwamini.

Mchai unatufunza nini

Kila mtu aliyewahi kugonga mfupa kwenye sahani ya nyama choma anaujua uboho. Watanzania wanauita uloto. Ule wa kwenye sahani mara nyingi ni mafuta. Lakini ndani ya mifupa kama nyonga, kifua na uti wa mgongo kuna uboho mwekundu, na huo ndio kiwanda cha damu yako yote. Humo ndani kuna seli chache ambazo kazi yake ni kuzaa nyingine. Zinaitwa seli shina.

Zingatia hilo neno: shina. Mtu wa Kibugu halihitaji kamusi. Unachuma chai, majani mawili na chipukizi, na baada ya wiki moja au mbili mchai uko tayari tena. Unachuma mwaka mzima, miaka na miaka, na mchai haufi. Kwa nini? Kwa sababu umechukua majani, shina umeliacha.

Damu yako iko hivyo. Seli nyekundu moja huishi siku 120 hivi, kisha inakufa. Vigandisha damu, vile vinavyoziba kidonda, huishi siku 7 hadi 10. Baadhi ya seli nyeupe zinazopigana na maradhi hazimalizi hata siku mbili. Ili usife, mwili wako unatengeneza seli nyekundu mpya karibu bilioni 200 kila siku. Hiyo ni kama milioni 2 kwa sekunde. Umesoma sentensi hii na tayari mamilioni yameshatoka kiwandani.

Sasa fikiria shina lenyewe limeugua. Labda ni saratani ya damu, ambapo uboho unatoa seli mbovu kwa fujo. Labda uboho umezimika tu, hautoi kitu. Labda ni selimundu, ambapo mtu amezaliwa na maagizo yenye kasoro, kwa hivyo kila seli nyekundu inayotoka inaweza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Unaweza kumwongezea mgonjwa damu leo, wiki ijayo na mwezi ujao. Inasaidia sana, na mara nyingine ndiyo inayomfikisha kesho. Lakini kuongezewa damu ni kupewa majani yaliyochumwa. Yakiisha, yameisha. Kupandikizwa uboho ni kupewa mche.

Jambo hili halikuanza jana. Daktari wa Kimarekani, E. Donnall Thomas, alianza kujaribu kupandikiza uboho kwa binadamu miaka ya 1950, wakati wengi waliona ni ndoto. Wagonjwa wengi wa mwanzo walikufa. Waliofanikiwa kwanza ni wale waliokuwa na pacha wa kufanana kabisa. Hakukata tamaa, na mwaka wa 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Huko Toronto, Kanada, wanasayansi James Till na Ernest McCulloch walikuwa wameonyesha mwaka wa 1961 kwamba seli hizi kweli zipo, kwamba seli moja inaweza kuzaa ukoo mzima wa seli za damu.

Leo inafanyika hivi. Mgonjwa anapewa dawa kali za kemo, wakati mwingine pamoja na mionzi, ili kusafisha uboho mbovu. Kisha seli shina za mtu mwingine zinaingizwa kwa mshipa, kwa dripu, kama anavyoongezewa damu. Hakuna kupasuliwa. Seli zenyewe zinajua njia ya kwenda mifupani. Baada ya wiki mbili hadi nne hivi, mambo yakienda sawa, zinaanza kutoa damu mpya. Na kuna kitu kitakachokushangaza: kama mchangiaji ni kundi O na mgonjwa alikuwa A, baada ya muda mgonjwa naye anakuwa O. Damu yake sasa ina asili ya mtu mwingine.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Zile wiki kabla damu mpya haijaanza, homa ndogo tu inaweza kumuua. Na kuna hatari nyingine: seli za mchangiaji zinaweza kuuona mwili wa mgonjwa kama adui na kuanza kuushambulia. Ndiyo maana kufanana ni jambo kubwa.

Hesabu ya ndugu

Wakulima wa kahawa, hapa mko nyumbani. Ukiwa na mti mzee wa SL28 unaosumbuliwa na magonjwa, hung'oi. Unakata, unapandikiza Ruiru 11 au Batian juu ya kisiki, na mti unaanza maisha mapya. Neno ni lilelile, kupandikiza. Lakini huwezi kupandikiza chochote juu ya chochote. Ukichukua kikonyo cha mwembe ukakibandika kwenye kahawa, kitakauka na watu watakucheka.

Kwa binadamu, kinachoamua ni alama fulani zilizo juu ya seli zetu, ambazo madaktari huziita HLA. Ndizo kitambulisho ambacho askari wa mwili hukikagua. Nusu unatoa kwa baba, nusu kwa mama. Kwa hivyo ndugu yako wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana nawe kabisa. Asilimia 25.

Shika kalamu tupige hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8. Mtoto mmoja akiugua, ana ndugu 7. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao anafanana naye kabisa ni karibu asilimia 87. Sasa njoo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulipata wastani umeshuka hadi 3.4. Chukua familia ya watoto watatu: mgonjwa ana ndugu wawili, na uwezekano unaanguka hadi karibu asilimia 44. Kama wewe ni mtoto wa pekee, ni sufuri. Ndugu wa mama mmoja na baba tofauti? Wao kwa kawaida huishia nusu.

Sisemi turudi kuzaa wanane, watatu wenyewe school fees inatutoa jasho. Ninachosema ni kwamba shosho zetu walikuwa na sajili ya wachangiaji ndani ya nyumba, wakilala watano kitanda kimoja, bila kujua. Sisi hatuna. Kizazi chetu kimechagua familia ndogo, na ni uamuzi wa busara, lakini kimesahau kujenga kitu cha kujaza hilo pengo. Kitu chenyewe ni mtu usiyemjua aliyekubali jina lake liwekwe kwenye orodha.

Ni kweli siku hizi madaktari wanaweza pia kutumia mzazi au mtoto anayefanana na mgonjwa nusu, kwa dawa maalum za kutuliza ugomvi wa seli. Hilo limefungulia wengi mlango. Lakini si kila mgonjwa, na si kila mzazi ana umri au afya ya kutoa. Uchaguzi ukiwa mpana, mgonjwa ana nafasi zaidi.

Kwenye orodha hatuko

Dunia nzima ina wachangiaji zaidi ya milioni 40 waliojiandikisha kwenye sajili mbalimbali zinazowasiliana. Inaonekana kubwa, eti? Ingia ndani uone ni akina nani. Wengi wako Ulaya, Marekani na Asia. Takwimu za sajili ya taifa ya Marekani zinaonyesha kwamba Mzungu wa huko ana nafasi ya asilimia 79 ya kupata anayefanana naye kabisa. Mmarekani mweusi ana asilimia 29. Na huyo yuko kwenye nchi yenye mamilioni ya waliojiandikisha. Wewe wa Kibugu je?

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba watu weusi waliojiandikisha ni wachache. Ya pili ni nzuri na mbaya kwa pamoja: Waafrika ndio watu wenye vinasaba vya aina nyingi zaidi duniani. Binadamu alianzia huku, tumekaa muda mrefu kuliko wengine, tumetofautiana zaidi. Utajiri huo unamaanisha kwamba Mwafrika anahitaji orodha ndefu zaidi, yenye Waafrika, ili ampate pacha wake wa damu. Hakuna Mjerumani atakayetujazia hiyo orodha, hata akipenda.

Afrika Kusini walianzisha sajili yao mwaka wa 1991. Mimi niko kwenye miaka ya ishirini na kitu. Nimekaa shule ya bweni, nimekaa chuo, nimehudhuria tamasha, mikutano ya siasa na krusedi. Nimewahi kuombwa kura, sadaka, damu na nambari ya simu. Sijawahi hata siku moja kukuta meza ambapo mtu ananiomba nipanguse ndani ya shavu kwa pamba ili alama zangu zipimwe. Na hiyo ndiyo hatua ya kwanza yote. Pamba shavuni, dakika moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sajili hupendelea vijana, hasa kati ya miaka 18 na 35, kwa sababu wagonjwa wanaopata seli za vijana hufanya vizuri zaidi. Yaani kundi lile linaloitwa kila siku "kizazi cha kukaa bure", lile linaloambiwa halina mchango, ndilo lenye dawa mfupani. Msee hana kazi, hana bando, lakini nyongani kwake kuna kitu ambacho bilionea anayeumwa hawezi kukitengeneza kwa pesa zake zote.

Majirani washaanza

Ukidhani hii ni mambo ya Ulaya, angalia tu ng'ambo ya mpaka. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza uloto mwaka wa 2021, kwa wagonjwa wa mayeloma, saratani inayoshambulia uboho. Hao walipandikizwa seli zao wenyewe: zinatolewa, zinahifadhiwa, mgonjwa anapigwa kemo, kisha anarudishiwa. Mwaka wa 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu, kwa uloto wa ndugu zao.

Dodoma, wasomaji wangu. Mtoto ambaye jana safari yake ilikuwa ndege ya kwenda India, leo anapanda basi. Mamake anaongea na nesi kwa Kiswahili. Ndugu wanakuja kumwona dirishani. Pesa zilizokuwa za tiketi, viza na nyumba ya kupanga ugenini zinabaki za matibabu.

Kuna tiba mpya pia inayorekebisha vinasaba ndani ya seli shina za mgonjwa mwenyewe, bila mchangiaji. Uingereza waliiidhinisha kwa selimundu Novemba 2023, Marekani Desemba mwaka huohuo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Soma tena hiyo namba. Siku moja itashuka, naomba iwe hivyo, lakini kwa sasa mtoto wa Kisumu au Kilifi, ambako selimundu imejaa, hana haja na habari za bei hiyo. Ndugu anayefanana, au mtu aliye kwenye orodha, ndiyo tiba iliyo karibu.

Na wale wa vichupa?

Hapa wacha niongee bila kupaka mafuta. Kwenye vijiji vyetu vingi, neno "stemu seli" halikuletwa na hospitali. Lilikuja na mtu mwenye suti na begi, msimu wa bonasi ya chai, akiuza vidonge. Vinaamsha seli shina, anasema. Vinaponya kisukari, presha, goti, saratani, na ukileta watu watatu chini yako unaanza kuomoka. Sachet moja bei ya gunia la mbolea.

Tumia akili uliyopewa. Seli shina ya kweli ni kitu hai. Ikitoka kwa mtu inatunzwa kwa ubaridi na kuingizwa kwa mgonjwa ndani ya siku mbili au tatu hivi, au inagandishwa kwa baridi kali mno ambayo friji ya nyumbani haiwezi kufikia. Haikai kwenye begi kutoka Nairobi hadi Kibugu ndani ya matatu yenye joto. Na hata ingekaa, ukiimeza inaenda tumboni, na tumbo linaisaga vile linavyosaga githeri. Kuhusu "kuamsha", dawa ya kufukuza seli shina kutoka kwenye uboho ipo, ni sindano, inatolewa hospitalini kwa siku chache kwa sababu maalum, na hakuna anayeichukua kwa kuleta watu watatu.

Marekani kwenyewe, mamlaka ya dawa imeonya watu mara kadhaa kuhusu kliniki zinazouza tiba za seli shina ambazo hazijaidhinishwa. Kama kwao wanatapeliwa, sisi ni nani? Kanuni yangu ni rahisi: seli shina ya kweli anakupa mtu, au ni yako mwenyewe. Mtu akikuuzia kwenye kichupa, amekuuzia neno.

Hofu zenu nazisikia

Shosho mmoja jirani yetu, nilipomweleza haya, aliniuliza kwa Kiembu: "Mwanangu, wakishakutoa huo uboho, si utabaki ukitembea kwa mkongojo kama mimi?"

Nikamwambia, "Hapana, shosho. Ni kama majani chai. Unachumwa, unachipua tena."

Akafikiria kidogo, akasema, "Basi mbona hawaji kuchuma?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na ndiyo maana naandika.

Lakini swali lake la kwanza linastahili jibu kamili. Njia zipo mbili. Ya kwanza, inayotumika zaidi siku hizi: unadungwa sindano kwa siku nne au tano ili seli shina zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu. Kisha unakaa kwenye kiti saa kadhaa, damu inatoka mkono mmoja, inapita kwenye mashine inayochuja hizo seli, inarudi mkono wa pili. Mifupa inauma kidogo siku hizo, kichwa pia, kama una homa ya mafua. Ya pili: unalazwa usingizi, na daktari anavuta uboho kwa sindano kutoka nyuma ya nyonga. Haiguswi mgongo, hukatwi mfupa. Unaumwa kiunoni siku chache, na uboho unajijaza wenyewe ndani ya wiki chache. Madhara makubwa ni nadra, na kabla ya yote unapimwa. Ukionekana una shida, unarudishwa nyumbani.

Hofu ya pili ni ya kuibiwa. Hiyo siipuuzi. Mwaka wa 2025 nchi yetu ilitikiswa na habari za biashara ya figo, vijana maskini wakidaiwa kuuza viungo vyao kwa bei ya pikipiki. Mtu akikuambia "njoo utoe uboho" baada ya hapo, ni haki yako kukimbia. Lakini angalia tofauti. Figo ikitoka haioti nyingine. Uboho unaota. Pia kwenye sajili inayoendeshwa ipasavyo, hulipwi, mgonjwa hakujui, wewe humjui, na unaweza kusema hapana hatua yoyote. Biashara ya viungo hunawiri pale ambapo hakuna orodha ya wazi na kila mtu anatafuta kwa mlango wa nyuma. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 tayari inazungumzia viungo, damu na tishu za binadamu. Tudai itumike na isimamiwe, tusikae gizani kwa sababu wezi wako gizani.

Tunaweza kuanza wapi

Kuna kitu hapa Embu ambacho wengi hamkijui au mnakipita tu. Mji wetu una kituo cha kanda cha huduma ya damu, kimoja kati ya vichache vya aina hiyo nchini. Anayepandikizwa uboho kwa kawaida huhitaji damu ya watu wengine, nyingi, na hasa vigandisha damu, ambavyo hata vikihifadhiwa vizuri haviwezi kukaa zaidi ya wiki moja hivi. Vinahitaji mtu aliyetoa juzi. Na nchi hii hutegemea sana wanafunzi kutoa damu, ndiyo maana shule zikifungwa akiba inakauka. Nyinyi mliomaliza fomu foo mkasahau, damu yenu haikuhitimu. Ukiwa na umri wa kuanzia miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu na afya nzuri, nenda.

Pili, ongeeni nyumbani. Jueni makundi yenu ya damu, jueni nani ni ndugu wa baba na mama mmoja. Najua ni mazungumzo magumu kwa familia nyingine. Lakini ni heri yafanyike mkinywa chai kuliko yafanyike kwenye korido ya wodi.

Tatu, na hili ndilo la kisiasa. Wanasiasa watakuja tena, wanakuja kila wakati. Watakuja na bahasha za harambee ya mgonjwa, wapigwe picha, wapigiwe makofi. Pokea bahasha, mgonjwa anaihitaji. Kisha umuulize mheshimiwa: sajili ya kitaifa ya wachangiaji uboho itafika lini hapa, na pamba ya kupangusa shavu itakuwa lini kwenye hospitali ya kaunti, kwenye vyuo, kwenye huo mkutano wako wenyewe? Dodoma wanapandikiza. Sisi tunahitaji ratiba gani tufike huko? Akisema ni ghali, mwambie ahesabu bahasha zote alizowahi kutoa kwa safari za India, na zetu za mia mbili mia mbili pia.

Bango lijalo litafika kwenye simu yako, labda hata kabla ya Jumapili. Tuma hiyo mia mbili, tafadhali. Kisha kwenye grupu, katikati ya zile "Amina", andika swali moja: "Ameshapata mtu wa kufanana naye? Tunapimwa wapi?" Tukiuliza wengi, itabidi mtu atujibu.